Jioni Niliyokaa Mezani Kwako

Mke wangu Mwanaidi,

Ijumaa iliyopita, baada ya swala ya alasiri, nilivaa kanzu yangu nyeupe na kofia ile uliyonidarizia kwa mkono wako, nikapanda bajaji, nikaenda bwawani kukaa kwenye meza yako. Najua ungekuwepo ungeniwekea kiganja kwenye paji la uso kuangalia kama nina homa. Sina homa. Nimekwenda, nimekaa, nimekula, nimerudi nyumbani salama, na tangu siku hiyo natafuta pa kuanzia ili nikueleze.

Nianze na kosa langu, maana bila hilo hata mimi mwenyewe siielewi furaha niliyonayo.

Unakumbuka siku ulipoleta habari ya bwawani? Nilikuwa dukani nakata kitambaa cha suruali, chaki ikiwa sikioni, ukaingia na mwanamke nisiyemjua. Mrefu, mabega mapana, sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali. Ukaniambia huyu ni Mama Kulwa, mjane kutoka Nzega, amehamia mtaa wa pili na mapacha wake. Kisha ukasema kwa pumzi moja, kama mtu aliyekariri njiani:

"Baba Hadija, watu wa mtaa wetu wanakwenda bwawani kila Jumapili kupunga upepo, na hakuna hata wa kuwauzia chai. Mimi na mwenzangu tunataka kufungua kibanda. Mimi nikaange samaki, yeye auze vinywaji."

"Vinywaji gani?"

Ukamtazama mwenzako. Akajibu yeye. "Soda, shemeji. Na bia."

Niliweka mkasi chini. Sikupiga kelele, unanijua, mimi si mtu wa kelele. Nilisema tu, "Fanya unavyoona. Mimi huko sitakanyaga." Nikachukua mkasi wangu nikaendelea kukata. Na nilikata vibaya, Mwanaidi. Suruali ya watu niliiharibu siku ile, ikabidi nimnunulie mteja kitambaa kingine, na wewe sikukwambia.

Miaka kumi na mmoja ulikwenda bwawani. Miaka kumi na mmoja mimi nilikaa na neno langu.

Nilikuwa najiona nina haki. Mimi ni fundi wa mjini, mtoto wa fundi, mjukuu wa fundi. Kila mtu mtaani anajua babu wa baba yangu aliletwa Tabora na misafara ya biashara ya zamani, mtoto mgongoni mwa mama yake, wakitokea upande wa Manyema, huko Kongo. Wenzao waliendelea na safari kwenda pwani, wao wakabaki hapa. Hilo nimelisimulia kwenye kila harusi na kila msiba. Sasa mke wa mtu wa namna hiyo akaonekane amesimama kwenye moshi, kando ya kreti za bia, anawapelekea sahani madereva wa malori? Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Lakini jioni ilipofika, nilikuwa nasikiliza mlango. Ulikuwa unarudi kabla ya magharibi, khanga inanuka moshi na ndimu, na mkononi umeshika perege mmoja umemfunga kwenye gazeti. Ulikuwa unamweka mbele yangu bila neno. Na mimi nilikuwa namla bila neno, mpaka mwiba wa mwisho. Hayo ndiyo yaliyonitia aibu nilipokuja kuyafikiri. Samaki wako niliwala kila siku. Kilichonishinda ni kuwala mbele za watu.

Ulinipikia kimya kimya, ukaona haya kwa niaba yangu, na ukaniomba kitu kimoja tu. Ule mwaka upepo wa kiangazi ulipokuwa unawajazia wateja vumbi kwenye sahani, ulinijia ukasema, "Nishonee turubai la kuzuia upepo, Baba Hadija. Pande mbili tu." Nikakujibu kwamba cherehani yangu haishoni turubai la kilabu. Hukubishana. Nilisikia baadaye kwamba umenunua shazia, ile sindano kubwa ya magunia, ukashona mwenyewe. Sikuuliza limetokaje.

Na kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kukwambia. Siku moja nilifika. Ilikuwa Jumapili, niliazima baiskeli ya jirani nikasema nakwenda kumwona mgonjwa. Nilifika kwenye ile kona ambapo njia inashuka na maji yanaanza kuonekana, nikashuka, nikasimama nyuma ya kichuguu. Nilikusikia unacheka. Sikukuona, nilikusikia tu. Ulikuwa unacheka kile kicheko chako cha zamani, cha siku tulipokuwa wachumba, ambacho nyumbani nilikuwa sijakisikia muda mrefu. Nikaona wivu, mke wangu. Sikumwonea mtu wivu. Nilikionea wivu kile kibanda. Nikageuza baiskeli. Uliponiuliza jioni kama mgonjwa hajambo, nilisema anaendelea vizuri.

Ulipougua mwenyewe, Mama Kulwa ndiye aliyekuwa akifika hospitali kabla yangu kila asubuhi. Nilimkuta ameshakuosha, ameshakubadilisha shuka, anakusimulia habari za wateja na wewe unatabasamu huku macho umeyafumba. Mimi nilikuwa nakaa upande wa pili wa kitanda kama mgeni. Siku ya kukuzika walikuja watu nisiowajua. Madereva walioegesha malori mbali na makaburi ili wasifunge njia. Wavuvi. Mwalimu mmoja kutoka Kigwa aliyenishika mkono kwa mikono miwili akasema, "Pole sana mzee, mama alitulisha." Nilimwitikia. Sikujua alimaanisha nini. Wapi uliwalisha, lini, mbona sikuwahi kuwaona?

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nyingi. Bwawa lilipanda likavuka mahali pake, na usiku mmoja likachukua kibanda chote, nguzo, meza, jiko, paa la nyasi. Mama Kulwa alikuja kunipa habari asubuhi akiwa amelowa hadi kiunoni, analia. Nilimpa pole. Na moyoni, naandika hili mkono ukiwa mzito, nilishukuru. Nilisema basi, yamekwisha. Kitu kilichokuwa kati yangu na mke wangu kimeondoka.

Kumbe binti yako hakuona hivyo.

Hadija alirudi kutoka Dodoma mwezi uleule. Mimi nilidhani amekuja kunitazama, nikafurahi. Siku ya tatu akaniambia ameacha kazi ya ofisini, na kwamba yeye na Mama Kulwa watajenga upya. Hapo nilipaza sauti, ile ambayo nimekwambia sina.

"Nimekusomesha uje uuze samaki?"

Alikuwa anasuka ukili mlangoni. Hakuinua hata kichwa. "Baba," akasema, "aliyenisomesha ni Mama. Kwa samaki."

Nilitoka nikaenda msikitini kabla ya wakati. Nilikaa pale peke yangu kwenye mkeka. Ukweli huo nilikuwa naujua. Miaka ile duka langu lilipokuwa limelala, nguo za mitumba zimejaa sokoni na hakuna aliyekuwa anashonesha, mtoto aliendelea kwenda shule, amevaa viatu, ana madaftari. Nilijua vilitoka wapi. Nilichagua kutouliza, kama nilivyochagua kutouliza turubai limetokaje.

Walianza kujenga bila mimi. Safari hii walisogea juu, mbali na maji, mahali penye mwamba. Hadija aliwafuata wavuvi wakamsaidia kubeba mawe. Kulwa na Doto, ambao sasa ni wanaume wazima, mmoja mwashi na mwingine anachomelea vyuma, wakaweka msingi na nguzo. Wanawake wa mtaa wetu walikwenda kwa zamu kuchota mchanga. Jioni nilikuwa nawaona wanapita mbele ya duka langu wamechafuka tope, wanacheka, wananiamkia, "Shikamoo Baba Hadija," nami naitikia marahaba nikijifanya niko kwenye kazi. Hakuna aliyeniambia njoo. Walijua neno langu.

Kisha siku moja Mama Kulwa akaja dukani. Alikaa kwenye benchi la wateja bila kukaribishwa, akapangusa jasho, akatoa kwenye kikapu kitu kilichokunjwa.

"Shemeji, sikuja kukuomba ruhusa," akasema. "Nimekuletea kazi. Wewe ni fundi na mimi ni mteja. Nataka turubai la kuzuia upepo, pande nne. Hili ndilo la zamani, lilinasa kwenye mti wa mgunga maji yalipokuwa yanashuka. Pima hapa."

Nikataka kusema sishoni. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini mkono wa fundi una tabia yake, ukipewa kitambaa unakishika. Nikalikunjua mezani.

Mwanaidi, nimefundisha wanafunzi tisa. Wawili tu kati yao wangeweza kushona vile. Ulikuwa umekunja pindo mara mbili, ukapitisha uzi ukarudi nao, hatua sawasawa kama zimepimwa kwa rula. Kwenye pembe uliongeza vipande vya ngozi ya kiatu ili kamba isilichane. Nani alikufundisha hilo? Mimi sikukufundisha. Ulikuwa unaniangalia tu, miaka yote ile ukiniletea chai dukani, ukisimama kidogo nyuma ya kiti changu kabla ya kuondoka. Nililivuta kwa nguvu mahali pa mshono. Turubai lilikuwa limechakaa, limechanika katikati, maji na jua vimelila. Hakuna mshono hata mmoja ulioachia.

Mama Kulwa alikuwa ananitazama.

"Alijichoma sana," akasema. "Vidole vilivimba. Nikamwambia mpelekee mumeo, yeye ana mashine. Akaniambia mume wangu ana kazi nyingi."

Nilishindwa kumwangalia. Nilichukua tepe nikaanza kupima. Nikamuuliza, kwa sauti ya dukani, anataka rangi gani.

Ilinichukua majuma mawili. Ile cherehani ya baba yangu haikuumbwa kwa turubai zito, ilivunja sindano hata nikaacha kuzihesabu, na mahali pengine ilinibidi niache mashine nishone kwa mkono. Nami nilijichoma, mke wangu. Nilifanya pindo lako lilelile na pembe zako zilezile za ngozi. Sikubadilisha kitu. Hadija alikuwa analeta chai, anasimama kidogo nyuma ya kiti changu, anaondoka. Hatukuzungumza habari ya kilabu wala ya ofisi. Siku nilipomaliza aliligusa, akapitisha kidole kwenye mshono mwanzo hadi mwisho, akasema, "Ijumaa tunafungua, Baba. Nikufuate?"

Nikasema, "Nifuate baada ya alasiri."

Ijumaa ile niliwaza sana nivae nini, utacheka. Nilikuwa nimetoa suruali na shati la mikono mifupi, nikasema nikivaa hivi nitaonekana mtu wa kawaida tu, hakuna atakayenitazama. Halafu nikajiona nilivyo. Nilikuwa najificha tena nyuma ya kichuguu. Nikazirudisha kabatini, nikavaa kanzu. Nilitaka wanione. Jirani zangu wa msikitini walinikuta barazani nasubiri, mmoja akaniuliza, "Wapi leo, fundi, harusini?" Nikamjibu, "Naenda bwawani kwa mke wangu." Alinitazama akafikiri nimechanganyikiwa, akaniombea dua.

Na sasa nikueleze palivyo, maana hukupaona.

Unakumbuka vijana walivyokuwa wanapaita Bichi, kwa mzaha, kwa kuwa Tabora hatuna bahari? Sasa wameandika hivyo hivyo kwenye ubao, BICHI, herufi kubwa za buluu, na hakuna anayecheka. Sakafu ni ya saruji, imeinuliwa hatua tatu. Nguzo ni za mninga, Doto ameziunga kwa vyuma chini ili mchwa wasizipate. Paa ni bati, juu ya bati wametandika nyasi ili mvua isipige kelele. Kuna sehemu ya kunawia mikono yenye bomba. Jiko lako liko pembeni, limejengwa kwa matofali, lina bomba refu la kutolea moshi, kwa hiyo Hadija hanuki moshi kama ulivyokuwa unanuka wewe. Hilo lilinipa huzuni kidogo, sijui kwa nini.

Watu walikuwa wengi. Mtaa wetu mzima, na wengine nisiowajua. Watoto walikuwa kwenye maji ya kina kifupi na mama zao wamekaa kwenye mchanga wanawaita kila mara wasisogee mbele. Niliposhuka na Hadija kwenye bajaji wakaanza kunigeukia mmoja mmoja. "Shikamoo mzee." "Shikamoo fundi." "Shikamoo Baba Hadija." Nimeitikia marahaba siku ile kuliko siku ya Idi. Hadija alinishika kiwiko tukapanda ngazi zile tatu.

Akanikalisha upande wa kushoto, meza ya mwisho, inayotazama maji. Nikaangalia huku na huku. Upande ule watu walikuwa wanakunywa soda, chai, maji ya ukwaju. Kaunta ya bia ilikuwa mbali, upande wa pili kabisa, na kati yake na sisi kuna ukuta mfupi wenye maua. Mama Kulwa akaja kunisalimu, amevaa gauni jipya, amefunga kilemba, mkubwa kama mlango.

"Karibu shemeji. Umechelewa," akasema. Alikuwa anatabasamu.

Nikamwambia mmefanya vizuri kutenga upande. Nilidhani ni akili ya Hadija, kijana msomi.

"Hapana," akasema. "Hivi ndivyo palivyokuwa tangu siku ya kwanza. Hata kile kibanda cha nyasi kilikuwa hivi. Mwenzangu alisema upande wa kushoto usipite chupa hata moja. Nikamuuliza kwa nini, wateja wanaotaka bia ni wengi, nafasi yenyewe ndogo. Akasema, mume wangu siku moja atakuja, na akija asipate pa kuchukizwa."

Kisha akaenda zake, ameitwa.

Nilikaa pale nikatazama maji. Miaka kumi na mmoja, Mwanaidi. Kila asubuhi ulipanga meza upande ule, ukafuta, ukatazama njia. Na mimi nilikuwa dukani, nasimulia watu habari za misafara. Ndipo nilipolifikiri jambo ambalo nilipaswa kulifikiri zamani. Ile misafara ilipokuwa inatua hapa, nani aliipokea? Watu mamia kwa mamia, wamechoka, miguu imepasuka, mizigo mabegani. Mji huu ulisimama kwa sababu kuna watu walikoka moto, wakawapikia wapita njia, wakawapa maji. Mama wa babu wa baba yangu alibaki hapa kwa sababu kuna mtu alimpa chakula. Najisifu kwa asili yangu siku zote, na wewe uliyekuwa unaifanya kazi yenyewe nilikuonea aibu.

Hadija alileta birika, akanimiminia maji nikanawa. Akaleta perege wawili, ugali, kachumbari, na kisahani cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, maana anajua napenda. Alisimama pembeni kama mwanafunzi anayesubiri majibu. Nilikula. Alikuwa samaki wako kabisa, ngozi imekauka inavunjika, ndani bado ana maji yake.

"Chumvi imezidi kidogo," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi, nikatia mara mbili."

Tukacheka wote wawili mpaka watu wa meza ya pili wakageuka.

Nilimwangalia akifanya kazi. Hakimbii, hapigi kelele, lakini hakuna kinachompita. Kijana mmoja alivuka ule ukuta wa maua na chupa yake mkononi, anataka kukaa karibu na rafiki zake. Alikuwa mkubwa, amejazia, mimi ningemwogopa. Hadija akamwendea akasema kwa upole, "Kaka, wewe karibu sana huku. Chupa ndiyo inabaki kule." Yule kijana akatazama chupa, akamtazama Hadija, akaurudisha mguu wake nyuma kama amekanyaga mkeka wa mtu. Akaenda akaiacha, akarudi akaagiza chai. Nilijisikia kifua kinapanda. Huyo ni binti yetu. Huyo niliyemwambia nimekusomesha uje uuze samaki.

Upepo ulianza jua lilipokaribia maji. Unaujua ule, unaokuja na vumbi kutoka upande wa mashamba. Kulwa na mwenzake wakateremsha turubai pande zote nne wakalifunga. Lilijaa upepo, likavutika, kamba zikalia. Nilishika ukingo wa meza. Watu waliendelea kula. Hakuna aliyejua kwamba kuna mzee mmoja pale ameshikilia pumzi yake. Lilikaa. Hakuna vumbi lililoingia kwenye sahani ya mtu.

Magharibi ilipoingia Mama Kulwa akazima muziki. Hakuna aliyemwambia. Alizima tu, akasimama kwenye kaunta yake mikono ameikunja, na upande wake wote ukatulia. Tulisali kwenye nyasi nyuma ya jiko, wanaume saba, na wanawake kwenye mkeka nyuma yetu. Nilipomaliza nilikuombea wewe, kisha nikamwombea na yeye. Ungenisikia nikimwombea yule mama aliyeniletea habari ya bia dukani kwangu, ungesema ulimwengu umegeuka.

Taa zilipowashwa, mtu mmoja akaja akaomba kukaa kwenye meza yangu, kwa kuwa nafasi zilikuwa zimejaa. Mtu wa makamo, mfanyabiashara wa mchele kutoka Igunga, gari lake lilikuwa linatengenezwa mjini na mwenyeji wake amemleta apumzike. Alikula kwa njaa ya kweli, akachambua miiba akaipanga pembeni ya sahani. Akaagiza samaki wa pili. Alipomaliza akajiegemeza kwenye kiti, akatazama paa, akatazama nguzo, akatazama turubai, akanigeukia.

"Mzee wangu, hapa pazuri. Ni kwa nani?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kweli. Ningeweza kusema ni kwa Mama Kulwa, yule pale. Ningeweza kumwonyesha Hadija. Lakini nilijisikia nimenyooka kwenye kiti, na nikasema kwa sauti iliyofika meza ya tatu:

"Ni kwa mke wangu."

"Mashaallah," akasema. Akaanza kutazama huku na huku akimtafuta mwanamke wa rika langu. "Yuko wapi? Nataka nimpe ahsante mwenyewe. Tangu nitoke nyumbani sijala chakula cha namna hii."

Sikutaka kumharibia shibe yake. Nikamwambia, "Hayupo hapa sasa hivi. Lakini salamu zako nitamfikishia."

"Umwambie ahsante sana," akasema. "Umwambie nimekula nikashiba."

Basi, Mwanaidi, amekula akashiba, na anakwambia ahsante sana. Na mimi pia.

Mumeo,
Baba Hadija